Mhariri, "ni hisia zangu" haitoshi kuwa shairi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mchangiaji mmoja aliyeandika hapa juzijuzi kuhusu ushairi wa kisasa, maana nimeisoma barua yake nikairudia na tangu hapo nimebaki na dukuduku. Yule ndugu anasema shairi ni hisia za mtu, na hisia hazina kosa, kwa hiyo hakuna shairi baya duniani, kuna shairi ambalo wewe msomaji bado hujalihisi tu, na anayekosoa mashairi ya vijana ni mtu wa vina na mizani anayetaka kila mmoja aandike kama babu yake. Mwishoni akaweka shairi lake mwenyewe. Sitalinakili lote, ila kwa ufupi lina "mimi", lina "giza", lina "ndani yangu", lina "kimya", lina "maumivu", kila neno na mstari wake, linashuka hivyo hivyo mpaka chini.

Nianze kwa kusema naamini huyu ndugu ana kitu kimemuuma kweli. Mtu haandiki vile kwa mchezo. Na mimi ni mtunzi pia, nimetunga kwa vina na nimetunga bila vina, na kote huko nimekutana na kazi nzuri na kazi mbovu, kwa hiyo naomba asinipeleke haraka haraka kwenye lile kundi la watu wa mizani. Hoja yangu ipo sehemu nyingine. Shairi lake haliwezi kujibiwa. Nilikaa nalo nikatafuta pa kulishika sikupaona, nikitaka kukubaliana nalo nakubaliana na nini, nikitaka kubisha nabishia nini, giza? Naweza kumwambia pole ndugu yangu, na hiyo pole naitoa kwa moyo mmoja, lakini baada ya pole hamna kilichobaki cha kuongea, yeye amebaki na maumivu yake na mimi nimebaki na gazeti mkononi.

Na kwa watu wa lugha hii hilo sio jambo dogo, kwa sababu ushairi wa Kiswahili umekua kwa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alikuwa mtu wa kutupa shairi na kusubiri linarudi na nini, na wakati wa ule uhasama wa Mombasa na Lamu uliozaa Vita vya Kuduhu, washairi wa pande mbili walikuwa wanarushiana beti huku na huko, mwenzako kakutukana kwa fumbo na wewe unalifumbua kwanza halafu ndio unamrudishia. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza 1923 mashairi yakahamia humo na desturi ikaja nayo, mtu anauliza kwa ubeti, mwingine ambaye hawajawahi hata kuonana anamjibu kwa ubeti. Sasa ukishasema shairi ni hisia zangu na hisia zangu hazina kosa, umefunga mlango. Hakuna wa kukujibu kwa sababu hakuna mwingine anayeishi ndani ya kifua chako.

Najua atasema hao wa zamani walikuwa wanahubiri tu, hawakuwa na nafsi, hii "mimi" tumeileta sisi vijana. Hii naisikia sana na inaniumiza, maana anayeisema kwa kawaida hajawahi kukaa chini akasoma utenzi mmoja mpaka mwisho.

Mchukue Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858 ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe si wa kupona, haukupita muda mrefu akafariki. Ana binti yake. Hebu angalia anavyouanza utenzi aliomtungia: anamwita mtoto asogee, anamwambia "maradhi yamenishika, hata yametimu mwaka", yaani nimeumwa mwaka mzima sijapata hata nafasi ya kukwambia neno zuri, halafu anamwambia njoo ukae hapa na wino na karatasi kuna jambo moyoni nataka nikwambie. Basi. Pale mwanzoni habari ya ugonjwa wake imeishia hapo. Utenzi una beti zaidi ya mia na yeye ni mtu anayekufa, angeweza kutumia hizo zote kutueleza kifua kinambanaje na usiku unakuwa mrefu vipi, na nani angemlaumu? Ameugusa kwa ufupi, akageuka akamtazama binti. Mambo mengine aliyomuusia kuhusu mume na utii leo watu wanayabishia sana, wasomi wa kike wameandika kumpinga na wengine wameandika kumtetea, na hiyo ndiyo raha yake, mwanamke wa 1858 bado anajibiwa mpaka leo. Maumivu yake yapo, yanasikika kwenye kila neno la haraka analomwambia mtoto, ila hayajakaa njiani kumzuia mtu kupita.

Au Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir haongei na mtu mwingine mle, anaongea na moyo wake mwenyewe, anauuliza mbona huzinduki, una nini. Kuna nafsi zaidi ya hiyo? Mtu na moyo wake wanagombana utenzi mzima! Lakini anapotaka kuuonyesha huo moyo kwamba dunia inapita, anauchukua anaupeleka Pate, ule mji wa kale wa pwani ya Kenya, kwenye majumba ya matajiri yaliyobaki magofu, anauonyesha yale madaka ya ukutani yaliyokuwa yamepangwa vyombo vya Kichina na sasa ndege wamelaza makinda humo, anauonyesha popo wananing'inia juu. Huo ni ushahidi. Mimi na wewe hatuujui moyo wa Sayyid Abdallah ulikuwaje, lakini lile daka tunaliona, na tukiliona tunaogopa alichoogopa yeye.

Shaaban Robert naye alipofiwa na mkewe Amina alitunga shairi linalojulikana na karibu kila aliyesoma Kiswahili shuleni, ua lililofunga baada ya kuchanua, mapenzi tuliyofunga hapana wa kufungua. Msiba wake, mke wake, jina lake limetajwa waziwazi, na bado wajane wengine wanalichukua wanalia nalo kama lao.

Kwa hiyo tuache kusema "mimi" imeletwa na usasa. Kilicholetwa na usasa ni kitu kingine, ni hii imani kwamba nafsi ya mtunzi ndiyo mwanzo na ndiyo mwisho na ndiyo hakimu, kwamba nikishasema "nilihisi hivi" kesi imefungwa. Na imani hii watu wanaibeba wakidhani wakubwa wa ushairi wa dunia wanawaunga mkono, wakati wengi wao walikuwa wanaihofia.

Goethe wa Ujerumani, mwezi Januari 1826, akiwa mzee wa miaka 76, alimwambia Eckermann, kijana aliyekuwa akiandika mazungumzo yao, kwamba mtu anayesema tu zile hisia zake chache za nafsi bado hajastahili kuitwa mshairi, anastahili siku atakapoweza kuuchukua ulimwengu na kuusema, na kuanzia siku hiyo haishiwi, anakuwa mpya kila mara, lakini yule wa hisia zake tu ule mtaji wake mdogo wa ndani unaisha mapema na anabaki kurudia staili yake mpaka inaharibika. Mimi hii pointi ya kuishiwa ndiyo inayonikamata. Angalia mtunzi wa kisasa wa "giza ndani yangu", shairi la kwanza linakushtua, la pili unasema sawa, la tano unaweza kulimalizia wewe mwenyewe kabla hujaligeuza ukurasa. Hana kosa la kipaji, amekula akiba yake yote na hajatoka nje kutafuta nyingine.

Sasa kuna atakayesema Goethe alikuwa mzee amechoka, na kwamba ujanani aliandika kitabu cha mapenzi na machozi kilicholiza Ulaya nzima. Ni kweli kabisa, na mimi naona hapo ndipo pa kujifunza zaidi. Kitabu chenyewe, Werther, alikitoa 1774, na kweli kulikuwa na mwanamke aliyempenda kule Wetzlar, Charlotte Buff, aliyekuwa mchumba wa mwingine. Lakini kitabu hakikutoka kwenye maumivu ya Goethe peke yake. Kulikuwa na kijana mwingine pale Wetzlar, Karl Wilhelm Jerusalem, aliyejiua 1772 kwa kumpenda mwanamke wa mtu, na Goethe alitafuta habari za kile kifo kwa undani, akachukua mapenzi yake yeye akayaingiza kwenye kifo cha mwenzake. Yaani hata kijana Goethe, katikati ya moto wake, alijua kwamba moto wake peke yake hautoshi kitabu.

Na Sylvia Plath, yule mshairi wa Marekani, je? Huyu ndiye anayetajwa kila mtu akitaka kutetea ushairi wa kumwaga nafsi, ule ambao Marekani kuanzia 1959 wakauita ushairi wa kuungama. Watu wanajua alivyoishi na alivyokufa Februari 1963 na wanadhani mashairi yake yalikuwa yanamtoka tu. Oktoba 1962, miezi michache tu kabla ya kifo chake, na katika mwezi huohuo aliokuwa anaandika yale mashairi yake makali kuliko yote, alifanyiwa intavyuu iliyorekodiwa na akasema wazi hawezi kuvutiwa na vilio vya moyo ambavyo nyuma yake hakuna kitu kingine zaidi ya sindano au kisu. Akasema mshairi lazima aweze kuyatawala mambo aliyopitia, hata ya kutisha kabisa kama wazimu na mateso, ayatawale kwa akili inayojua inachofanya, na kwamba mambo ya mtu binafsi yasiwe sanduku lililofungwa wala mtu kujitazama kwenye kioo, yafungamane na mambo makubwa, akataja Hiroshima iliyopigwa bomu la atomiki na Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi. Hayo kayasema mtu aliyekuwa na kila sababu ya kusema "niacheni niumie". Nikisikia mtu anatumia jina lake kuhalalisha uvivu wa kutorekebisha shairi nasikia uchungu, kwa sababu yule dada alikuwa mfanyakazi.

Hapa niseme na upande wa pili maana nao wana lao. Wapo wanaodhani dawa ya haya yote ni kurudi kwenye vina na mizani, wanamshika Amri Abedi na kile kitabu chake cha sheria cha 1954 wanakitumia kama rungu, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 akaandika bila vina kukawa na ugomvi mkubwa mpaka wengine wakasema hayo si mashairi kabisa. Jamani, mizani nane kwa nane na vina vya kati na vya mwisho haviwezi kumzuia mtu kujisemea mwenyewe. Nimesoma mashairi ya tarbia, yale ya mistari minne kila ubeti, yenye vina safi kabisa ambayo ndani yake hamna kitu ila mtunzi anajisifu au anajililia, beti kumi na mbili, kituo kilekile. Na Kezilahabi aliandika bila vina lakini ukimsoma kuna kitu pale, kuna mtu na kuna hoja inayokuudhi, ndio maana watu walimjibu! Walimjibu kwa hasira lakini walimjibu. Kwa hiyo bahari, yaani aina ya shairi, yenye sheria au shairi huru, mimi sijali, nauliza kilekile, kuna kitu hapa ambacho mtu mwingine anaweza kukishika akanijibu?

Tukitoka kwenye maneno tukaenda kwenye picha ni hivyohivyo, tena huko ugonjwa umekomaa zaidi, unaingia kwenye maonyesho unakuta turubai imepigwa rangi tatu na pembeni kuna karatasi ndefu inaeleza msanii alivyokuwa anajisikia siku hiyo, ukiiondoa karatasi picha imekufa. Linganisha na Van Gogh, ambaye kila mtu anamkumbuka kama mwendawazimu wa hisia. Septemba 1888 kule Arles Ufaransa alichora mkahawa wa usiku, wale watu wa kukesha wasio na pa kulala. Alikaa macho usiku tatu mfululizo akichora. Halafu akamwandikia mdogo wake Theo barua, na alimwambia wazi kwamba alitaka kuonyesha yale matamanio ya kutisha ya binadamu kwa kutumia nyekundu na kijani. Soma anavyoendelea: chumba chekundu cha damu na njano iliyofifia, meza ya biliadi ya kijani katikati, taa nne za njano ya limau zenye mwanga wa rangi ya chungwa na kijani, nguo nyeupe za mwenye mkahawa zinageuka njano ya limau na kijani kwa sababu ya ile tanuru ya taa. Ni fundi anaongelea rangi gani inapigana na rangi gani! Alikuwa na kitu kinamchoma, lakini hakumwambia ndugu yake "nachomwa", alimwambia biliadi ni ya kijani. Na leo ukisimama mbele ya ile picha, bila barua wala maelezo, tumbo linakaza, unataka kutoka kwenye kile chumba.

Hata kwa wachongaji wa Kimakonde, zile sanamu zao za mashetani hazifanani na kiumbe yeyote, jicho moja liko begani, mdomo umekwenda upande, zimetoka kichwani kwa mchongaji moja kwa moja. Hakuna sanaa ya nafsi kuliko ile. Lakini mpingo ni mti mgumu ajabu, mzito mpaka ukiutupa kwenye maji unazama, hauchongeki kwa kuhisi tu, kila mkunjo umegombewa kwa patasi, ukikosea umekosea. Mimi naona lugha inatakiwa itusumbue hivyohivyo. Neno "maumivu" halisumbui mtu, linakubali kuwekwa popote, na ndio maana linapendwa.

Lakini mfano ninaotaka ndugu yangu mchangiaji aukumbuke kuliko yote ni wa Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwaka 1969 anafungwa miaka mitatu kwa sababu ya karatasi aliyoandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Yuko peke yake. Mashairi anayaandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Ebu fikiria, kama kuna binadamu aliyekuwa na haki ya kuandika "mimi, giza, ukuta, kimya" basi ni yeye, giza lilikuwepo kweli na ukuta ulikuwepo kweli. Na "mimi" anaisema, lile shairi la Siwati ni mimi mwanzo mpaka mwisho, mtu anasema sitaacha nilichokishika, ila ni mimi yenye msimamo unaoweza kuupinga au kuufuata. Halafu katika hali hiyohiyo anatunga shairi la mnazi, ndugu wawili Alii na Badi wanagombania mnazi, huyu anasema na huyu anajibu, kila mmoja na madai yake. Mtu amefungwa peke yake na bado anaacha nafasi ya sauti ya mpinzani! Na ameipa nguvu, hakuifanya ya kijinga ili ashinde kirahisi. Mimi hilo linanishangaza kuliko ujasiri wake wote mwingine. Mashairi hayo yakatoka 1973 kwenye diwani yake ya Sauti ya Dhiki, mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Wale waliompa tuzo waliona nini kama si kwamba dhiki yake ilikuwa imetoka nje ya seli ikawa kitu cha watu?

Kuna hoja nyingine ya yule ndugu nisiiruke, ile ya "kila mtu na tafsiri yake". Anasema shairi likishatoka kila msomaji alitafsiri anavyojisikia na zote ni sahihi. Nakubali shairi zuri lina tafsiri nyingi, fumbo zuri linakaa miaka halijaisha, lakini ule wingi unatokana na kwamba kuna kitu kimewekwa pale, tunagombana kuhusu mnazi kwa sababu mnazi upo, mmoja anasema ni nchi, mwingine anasema ni madaraka, mwingine anasema ni urithi tu wa kawaida, na kila mmoja anaonyesha ubeti unaomtetea. Kama hakuna mnazi basi hamna tafsiri nyingi, kuna watu wengi wanajisemea mambo yao mbele ya karatasi ileile. Huo ni upweke wa msomaji juu ya upweke wa mtunzi.

Nisionekane nasema tu bila kuonyesha. Kuna binti mmoja huwa ananiletea mashairi yake niyaangalie, amefiwa na baba, na kwa muda mrefu alikuwa analeta hayahaya ya giza na kimya, na mimi nilikuwa najua analia kweli wakati anaandika. Siku moja nikamwambia aache kuniambia anavyojisikia, aniambie nyumbani kwao kuna nini sasa hivi ambacho hakikuwepo au kilichobaki vilevile. Akafikiria, akasema mama bado anaweka vocha kwenye laini ya baba. Nikamuuliza kwa nini, akasema ili namba isifungwe. Simu yenyewe iko kabatini imezimwa, anaiwasha kuweka salio tu halafu anaizima tena, na hampigii mtu yeyote. Nikamwambia basi nenda kaandike hilo, usiongeze neno huzuni hata moja. Shairi lililorudi lilikuwa na makosa yake, mstari wa tatu ulikuwa mrefu mno na mwisho alishindwa kujizuia akaweka "giza" mara moja, lakini nilipolisoma mbele ya watunzi wenzetu kila mtu alikuwa na la kusema. Mmoja akasema yule mama anajidanganya aache maisha yaendelee. Mwingine akamkatalia kwa ukali, akasema ile namba ndiyo kaburi anaweza kulitembelea kila siku. Wa tatu akauliza, je mtu mwingine akipewa ile namba siku moja akipiga simu mama atafanyaje? Wakabishana mpaka muda ukaisha, na wa kwanza kati yao akaenda akatunga jibu, kwa vina, kwa sauti ya ile namba ya simu yenyewe inamwomba mama aiache iende. Binti hakukasirika kwamba wamegusa msiba wake. Alisema ni mara ya kwanza tangu mazishi watu wameongea na yeye kuhusu baba yake bila kumwambia pole halafu wakanyamaza.

Hii ndiyo ninayoitafuta mimi, na naamini hata ndugu yangu mchangiaji ndiyo anayoitafuta, maana asingelituma shairi lake gazetini kama alitaka libaki ndani yake. Ametuma kwa sababu anataka kusikika. Sasa namwomba, na namwomba kama mtunzi kwa mtunzi mwenzake, atuambie lile giza lilikuwa wapi. Chumba gani, saa ngapi, nani alikuwa ametoka na ameacha nini, na akitaka kuficha jambo lenyewe lugha yetu haijawahi kumnyima mtu fumbo, aliweke ndani ya mnazi au ndani ya ndege au chochote, ila kiwepo.

Na kwako Mhariri nina ombi. Ule ukurasa wako wa mashairi kwa sasa unachapa mashairi saba au nane yaliyobanwa kama matangazo, kila moja limekaa peke yake, wiki inayofuata yanakuja mengine na hayo ya kwanza yamesahaulika. Punguza yabaki matatu au manne, halafu ile nafasi iliyobaki iwe ya majibu, shairi la wiki iliyopita lijibiwe wiki hii, kwa vina au bila vina, kwa kukubali au kwa kupinga, na mtunzi wa kwanza apewe nafasi ya kurudi akitaka. Ukianza, anza na hilo la ndugu yangu la giza, akiwa tayari kuliandika upya. Nitakuwa wa kwanza kuleta jibu, na nitaleta kwa bahari yoyote atakayochagua yeye.

Wako,
Msomaji na mtunzi wa mashairi